Kijana anachupa Forodhani, sasa anataka iwe kazi. Nimwambieje?

MkaaMalindi:
Assalaam alaykum. Mtoto wa dada yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Maji yakijaa tu, utamkuta Forodhani hapa Unguja na wenziwe wanachupa baharini kutoka ukutani. Wengine wanajitupa, huyu anapinduka mara mbili hewani, anaingia kichwa mbele, vidole vya miguu vimenyooka. Sasa kaona kwenye simu mashindano ya ule ubao unaonesanesa wa kuchupia majini, anataka kuacha skuli "ajiandae na Olimpiki". Mamake analia, na mimi mjomba ndiye ninayesubiriwa niseme neno. Nisaidieni.

Nahodha63:
Kwanza ajue maji kupwa na kujaa. Mwanangu alichupa maji yameshaanza kutoka, akapasuka kisigino.

MtuWaChake:
Kachelewa huyo. Fu Mingxia wa China alichukua dhahabu Barcelona 1992, kwenye jukwaa lisilonesa la mita 10 juu ya maji, ana miaka 13! Tena Zanzibar hatuna kamati yetu ya Olimpiki, lazima apitie timu ya Tanzania.

BintiMkunazini:
Waalaykum salaam mjomba. Niko Uingereza, mwanangu anajifunza mchezo huu mwaka wa tatu sasa. Ukuta na ubao ni mbalimbali. Ukutani unaruka mwenyewe. Ubao ndio unaokurusha, na uko mita 3 juu ya maji. Kazi yote imo kwenye zile hatua za kuuendea na mruko wa mwisho wa kuukanyaga nchani. Ukiwahi au ukichelewa, unakugomea. Wangu alikaa miezi kwenye trampolini, kafungwa mkanda kiunoni, kocha kashika kamba, maji anayaona kwa mbali. Na mabingwa pia wanaumia: Greg Louganis wa Marekani aligonga kichwa ubaoni Seoul 1988, akashonwa, akarudi akachukua dhahabu.

Kupinduka kwingi peke yake hakumtoshi. Kwenye mashindano makubwa majaji ni 7. Alama 2 za juu na 2 za chini zinatupwa, 3 zilizobaki zinajumlishwa na kuzidishwa kwa ugumu wa mruko. Maji yakitapakaa anapoingia, alama zimekwenda.

MtuWaChake:
Kwa hiyo asahau?

BintiMkunazini:
Sijasema hivyo. Wapo wanaoshinda na miaka ishirini na kitu. Tatizo ni bwawa: chini ya ubao huo panatakiwa kina cha kama mita 4. Mabwawa ya hoteli niliyoyaona huko nyumbani yananifika kifuani, tafadhali asichupe kichwa humo! Na skuli asiache. Vyuo vikuu vya Marekani vina timu za mchezo huu na vinatoa ufadhili, lakini bila vyeti hawamtazami. Wengi hawapati mshahara wa maana. Wakistaafu wanakuwa makocha, wengine huingia maonyesho ya majini Las Vegas.

Nahodha63:
Las Vegas! Mamake usimwambie hilo.

MkaaMalindi:
Ahsanteni sana. La chuo nimemwambia baada ya magharibi, akanyamaza kimya. Kisha akauliza trampolini bei gani. Godoro kuukuu lipo darini, ila mamake keshakataa lisishushwe.