Mrejesho: Nilikuwa peke yangu Tabora, sasa tuko saba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: natetea kuku na mbuzi wanaoteswa njiani kwenda sokoni, majirani wananicheka, usiku silali. Mmoja wenu akaniambia niache kutafuta wafuasi, nitafute kwanza wa kunisikiliza.

Nilianza na afisa mifugo wa kata yetu. Kumbe naye moyo ulikuwa unamuuma! Ndiye aliyenionyesha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Miezi yote nilikuwa nabishana na watu bila kuijua. Akanikutanisha na mama mmoja mfugaji wa kuku wa mayai, naye akaleta wengine. Tunakaa Jumapili jioni chini ya mwembe wake.

Mwanzo wa kikao hatupangi kazi. Kila mtu anatua mzigo wa moyoni kwa kusimulia alichokiona wiki hiyo. Kijana wa bodaboda, ambaye zamani alikuwa akiwafunga kuku miguu na kuwaning'iniza vichwa chini, alilia mbele yetu. Hakuna aliyemsuta. Siku hizi anawabeba kwenye tenga, na wenzake wawili kijiweni wameiga.

Mawazo hatulingani. Mimi nimeacha nyama, wengine wanakula, na hilo lilitugombanisha sana mwanzoni. Tumekubaliana lisimfukuze mtu. Mnadani bado hatujafika. Tutaenda wawili wawili.

Dada uliyenisihi nipumzike, asante. Sasa nalala.