Programu ya picha imefuta tagi zangu zote, halafu wananijibu "picha zako ziko salama"

Wakuu, kwema? Mimi humu huwa napita kimya, nasoma, naondoka. Leo hapana, leo nimejaa mpaka hapa shingoni.

Ni mpiga picha hapa Mwanza. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, mikutano ya taasisi, hata mwalo wa Kirumba nikitumwa naenda. Kwa muda mrefu nilikuwa napanga picha na programu moja ya kulipia kwenye kompyuta (jina nalihifadhi, mods wasije kufunga uzi). Kazi ikiisha, kabla ya kulala natia tagi: mahali, tukio, mteja, nani yumo. Hakuna anayekulipa kwa kazi hiyo. Unaifanya ili siku mteja akipiga simu ghafla usianze kuhangaika.

Kabla hamjaanza na "si utumie folda tu", naomba mnisikilize. Chukua picha ya bibi harusi yuko juu ya kivuko anavushwa kwenda kwao Sengerema, nyuma yake wachuuzi wa samaki wa kukaanga. Hiyo picha utaiweka folda gani? Ya harusi? Ya vivuko? Ya wachuuzi? Ukinakili kote utajaza diski kwa picha ileile. Tagi zinakuruhusu kuipa majina yote na ikabaki moja. Tena Mwanza hapa ukitafuta "MV Mwanza" tu, utaletewa kivuko cha Kigongo na ile meli kubwa ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Mimi nilishavitenganisha kwa tagi, "kivuko" huku, "meli" kule.

Basi, likaja toleo jipya. Leseni ya zamani haitambuliki, lipa kwa mwezi, kwa dola. Nikalipa. Ikafunguka, picha zote zipo, tagi SIFURI. Hakuna "kivuko", hakuna "Kigongo", hakuna jina la mteja hata mmoja. Yamebaki majina ya kamera tu, DSC na namba zake.

Na imenikuta wakati gani? Kuna taasisi inataka picha za Kigongo na Busisi za enzi za vivuko: foleni ya malori, abiria wamekaa juu ya mizigo, akina mama na mabeseni vichwani. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, watu wanapita kwa dakika chache bila kusimama. Sawa, maendeleo hayo, na mgonjwa wa usiku hasubiri tena pantoni. Lakini ile foleni siwezi kwenda kuipiga upya! Picha ninazo, ziko humuhumu kwenye diski, na sizioni. Naperuzi moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Picha zako ziko salama." Nani amewauliza habari za picha? Nikaandika tena, nikaeleza kwa utulivu kabisa. Nikaletewa kiungo cha makala ya jinsi ya kuweka tagi. Yaani niweke upya, maelfu ya picha!

Kinachonichoma ni kwamba hili jambo lilishapatiwa ufumbuzi zamani. Waandishi wa habari walikuwa na utaratibu wa IPTC (baraza la kimataifa la vyombo vya habari) wa kuandika maelezo ndani ya faili la picha tangu miaka ya 1990. XMP, mfumo mwingine wa kuandika maelezo hayo, imekuja 2001, na tangu 2012 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. JPEG ina nafasi ya kubeba tagi zake yenyewe, ukiihamisha inakwenda nazo. Hata Windows bila programu yoyote inafanya hivyo: bofya kulia, fungua sifa za faili, andika tagi, weka nukta mkato katikati. Picha za RAW (ghafi, kama zilivyotoka kwenye kamera) ndiyo zina usumbufu kidogo, tagi mara nyingi hukaa kwenye kifaili cha pembeni cha XMP, na hicho ukikisahau wakati wa kuhamisha umeumia. Ila bado ni faili lako, unaliona, unalinakili.

Hawa jamaa wao tagi wanaziweka kwenye databesi yao. Sehemu ya kuziandika ndani ya picha ipo, wameizika ndani ya mipangilio, menyu ndani ya menyu, na inakuja ikiwa IMEZIMWA. Kwa nini izimwe? Mimi jibu ninalo moja tu: ukitaka kuhama, usihame.

Halafu wananitangazia kwamba toleo jipya "linajitagia lenyewe". Nimelijaribu. Dagaa walioanikwa limesema ni mchanga. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, limesema ni jengo. Sendofu, kichenipati na mahafali vyote ni "sherehe". Mteja anayetaka picha za sendofu ya binti yake, nimpe "sherehe"?

Na asije mtu kuniambia nizirudishe kutoka zile nilizowatumia wateja WhatsApp. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inabana na kuondoa taarifa za ndani. Ingekuwa nilituma kama dokyumenti, sawa, lakini mteja gani wa harusi anataka dokyumenti?

Sasa hivi kila picha mpya naitia tagi kwa digiKam, programu ya bure ya kupanga picha, nimeshaiwekea mpangilio wa kuandika ndani ya faili, na nimehakiki kwa ExifTool (kifaa cha kusoma taarifa za ndani ya faili) kwamba zimeingia kweli. Hizo mpya hazinipi presha.

Shida ni za zamani. Faili la databesi la toleo la awali bado ninalo, sijaligusa, nimelinakili kwenye diski mbili. Programu nyingi za aina hii hutumia SQLite (aina ya databesi inayokaa kwenye faili moja), kwa hiyo nahisi tagi bado zimo humo na njia ya kila picha. Kama kuna mtaalamu humu aliyewahi kufungua databesi ya hivyo, akatoa orodha na kuirudisha kwenye picha kwa mkupuo, aje PM. Kama yuko Mwanza, nitamfuata hata Igoma au Buswelu na kompyuta yangu. Malipo tutaelewana.

Wa folda, piteni tu.