Juala la plastiki lilipigwa marufuku Kenya 2017, mbona msako bado unaishia kwa mama mboga?

Wadau, huu uzi ni wa hasira. Notisi nambari 2334 ya gazeti rasmi la serikali ilianza kutekelezwa Agosti 28, 2017. Adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au jela mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Sasa pita masoko ya Nairobi, Marikiti au Muthurwa, alfajiri, uulizie "karatasi", jina la mtaani la juala. Utaonyeshwa zile nyepesi zinazopitisha mwanga, zinazochakarisha ukizifinya.

Mali hiyo huingia kwa magendo, na Busia na Namanga ndizo njia zinazotajwa kila mara. Juala halina uzito na hubanwa likawa bapa, kwa hiyo maelfu yanatoshea ndani ya marobota ya bidhaa nyingine. Likifika mjini linapita kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa mchuuzi anayezungusha vifurushi ndani ya mkoba, ndipo linafika kwa mama mboga. Msako ukija, anayebebwa ni huyo wa mwisho, mwenye juala kumi chini ya sukuma wiki. Mwenye stoo hata jina lake halijulikani. Na faini ikianzia milioni 2, mia tano ya kumpoza afisa inaonekana kama rehema! Adhabu ambayo hakuna anayeweza kuilipa inageuka kuwa mtambo wa hongo.

Haya, tuje kwa ile mifuko ya rangi rangi tunayouziwa madukani eti ni ya kitambaa. Si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi, kisha nyuzi zikagandishwa kwa joto bila kufumwa. Kata kipande cha ukubwa wa stempu, kishike kwa koleo, ukiwashe nje ya nyumba. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Hiki kitajikunja, kitayeyuka na kudondosha matone, kikinuka kama mshumaa uliozimwa, na tone likipoa linakuwa gumu kama shanga. Angalia pia mpini: haukushonwa, umebandikwa kwa joto kwenye vidoa vichache. Tia kilo mbili za unga, viazi na mafuta, pembe inaachia. Mfuko unaotakiwa kutumika mwaka mzima unaishia pipani baada ya safari chache, na una plastiki nyingi kuliko juala lililokatazwa. Ukikaa juani unavunjika vunjika kuwa unyuzi ambao hakuna fagio la kuuokota.

Na mifuko ya taka? Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa siku 90 watu waache ya plastiki ya kawaida kwa taka zinazooza, watumie inayooza yenyewe. Kwenye makaratasi ni sawa. Lakini mingi ya mifuko hiyo inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa wiki kadhaa. Lori la mtaani linachanganya maganda, nepi na chupa, linapeleka vyote Dandora, jaa la taka la Nairobi. Mfuko ukifukiwa pale unabaki mfuko tu, ila umeulipia zaidi.

Tunachodai ni hiki. Kila mfuko wa polipropilini uchapishwe jina la kiwanda, uzito wa malighafi kwa mita ya mraba, na neno PLASTIKI kwa herufi zinazosomeka. Mpini ushonwe kwa uzi, msalaba ndani ya mraba kama kwenye gunia. Faini ya mchuuzi ishuke hadi kiasi kinacholipika kortini kwa risiti, ile ya milioni ibaki kwa mwenye stoo na mwenye gari. Na kila msako utangaze kilo zilizonaswa na zilikotoka, si idadi ya akina mama waliopakiwa kwenye lori.

Mwenye kujua kesi hata moja ya muuzaji wa jumla iliyofika hukumu, aiweke hapa chini na nambari ya kesi. Picha za mama mboga akilia tumeshaziona za kutosha.