Stashahada ya uuguzi kwenda Ujerumani: hiyo mihuri ya 1,800,000 ni ya nini hasa?

Nesi_Mikanjuni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni muuguzi hapa Tanga, nina stashahada ya Uuguzi na Ukunga (NTA ngazi ya 6), leseni iko hai, mwaka wa nne sasa niko wodi ya watoto. Kuna wakala amefungua ofisi ya chumba kimoja mjini. Anasema kampuni yake imepewa nafasi za wauguzi Ujerumani na anataka 1,800,000 ya "kutambulisha vyeti". Ati atavipeleka NECTA (baraza la mitihani), NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati kama chetu), Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini, vikishagongwa mihuri basi kule vinakubalika moja kwa moja kwa sababu chuo changu kimo Anabin, ati orodha ya Wajerumani ya vyuo vya nje. Kijerumani nitajifunza hukohuko.

Mama yuko tayari kuuza kipande cha kiwanja chetu cha Pongwe. Kabla hajauza naomba kuuliza: mihuri ndiyo kutambuliwa kwenyewe? Halafu cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Itakuwa tatizo?

Kijana_wa_Donge

Uza yakhe! Ukifika huko utanunua Pongwe nzima 😂

Bi_Stesheneri

Marahaba mwanangu. Huyo wa Donge mwache acheke, kiwanja si chake.

Mie nina duka la stesheneri na intaneti Ngamiani. Kazi yangu ni kuskani, kuchapa na kutuma makaratasi ya watoto wa watu wanaokwenda nje: Oman, Ujerumani, Uingereza, wengine Mombasa tu hapo. Vyeti vya mji huu vimepita sana mezani kwangu, na majibu yake pia nimeyasoma, maana wakijibiwa wanakuja kwangu kuyachapa. Kwa hiyo nisikilize kabla hujamrudia huyo bwana.

Anachokuuzia amekifunga bunda moja, kumbe ndani mna mambo matatu na kila moja lina mlango wake. Kuna kuthibitisha kwamba karatasi ni ya kweli, haikuchapwa uchochoroni. Kuna kupima masomo yako yana uzito gani ukiyaweka kando ya masomo ya kule. Na kuna ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi katika nchi hiyo. Mhuri wa wizara unahusu lile la kwanza peke yake. Unasema saini na muhuri ulioko kwenye cheti ni wa kweli, basi. Hausemi kama ulisoma vya kutosha. Hata vyeti vyako vikijaa mihuri mpaka maandishi yasionekane, hayo mengine mawili bado hayajaguswa, na kwa muuguzi anayekwenda Ujerumani hayo mawili ndiyo safari yenyewe.

Uuguzi kule ni kazi iliyofungwa na sheria. Anayeamua ni mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi, na majimbo yako 16. Ubalozi hauamui na NECTA haiamui. Hiyo Anabin ni kanzi ya taarifa ya Wajerumani wenyewe, inamfaa zaidi mtu wa shahada: chuo chake kikiwa na alama ya H+ kinahesabiwa kule kuwa chuo kikuu. Wewe muuguzi wa stashahada haikupi ruhusa ya kumshika mgonjwa hata mmoja.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wetu wanapokwama. Mamlaka ya jimbo inachukua mafunzo yako na kuyapanga kando ya mafunzo yao: miaka mitatu, saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Wao wanahesabu saa! Fungua transkripti yako uitazame: kuna alama, kuna krediti, kuna GPA. Saa ngapi ulikaa wodi ya upasuaji? Haisemi. Afisa wa kule akikosa saa hawezi kukukisia, ataandika kwamba hilo halikuthibitishwa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haiko ubalozini, iko chuoni kwako. Omba barua yenye nembo ya chuo inayoonyesha kila somo na saa zake za darasani, na kila wodi uliyozungushwa na saa zake: watoto, upasuaji, wazazi, afya ya akili, afya ya jamii. Ambatanisha na mtaala. Usiende na maneno matupu, ofisi ya taaluma ina foleni na barua ya namna hii hawaiandiki kila siku. Nenda na jedwali umeshalichapa, wao walinganishe na kumbukumbu zao, wasahihishe, wasaini. Niamini mimi, mtu anayeletewa jedwali husaini mapema kuliko anayeambiwa alitunge.

Utakuta mapengo, usishtuke. Kule mafunzo yao yana sehemu kubwa ya kutunza wazee na kuwahudumia wagonjwa majumbani, na sisi vyuo vyetu havikai sana huko kwa sababu bibi tunaye ndani. Na zile saa zako zote za ukunga, ambazo najua zilikutoa jasho, hazitakufanya mkunga wa Ujerumani. Ukunga kule ni taaluma mbali, na tangu sheria yao mpya ya 2020 unasomewa kwa shahada.

Kinachoweza kuziba mapengo ni uzoefu wa kazi. Hiyo miaka yako ya wodi ya watoto ni mali. Omba hospitali yako barua: wodi gani, tangu lini mpaka lini, saa ngapi kwa wiki, unafanya nini. "Ni mfanyakazi mzuri na mwaminifu" haisaidii kitu, hiyo ni barua ya kuchumbia. Na Baraza la Uuguzi na Ukunga likupe barua kwamba leseni yako iko hai na huna shauri la nidhamu.

Jibu likija huwa refu na la kutisha, watu hudhani wamekataliwa. Kwa kawaida linasema tofauti ni hizi na hizi, chagua: ufanye mtihani wa kupima ujuzi wanaouita Kenntnisprüfung, au uingie mafunzo ya kujazia. Ukishamaliza hilo, na Kijerumani kikiwa ngazi ya B2 (ya nne kati ya sita), ndipo unaitwa muuguzi kamili. Kabla ya hapo unafanya kazi kama msaidizi.

Majina: usiguse cheti. Nenda kwa wakili ule kiapo kwamba mwenye majina mawili na mwenye majina matatu ni mtu mmoja, na mwambie mfasiri afuate pasipoti. Na nakuomba kwa jina la Mungu, vyeti vyako usivipige plastiki. Mashine ya lamineti ninayo dukani, mteja wa cheti namrudisha na hela yake. Muhuri haugongeki juu ya plastiki, na ukijaribu kuibandua inaondoka na wino.

Mtanga_Muscat

Bi, heshima yako, lakini usiwavunje watu moyo na mihuri. Sisi huku Ghuba mihuri ndiyo mpango mzima. Mimi fundi wa maabara: Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Oman Dar, ndiyo nikaanza kusikilizwa. Nilikuwa napanda basi la alfajiri pale Kange kama mtu mwenye biashara Kariakoo.

Bi_Stesheneri

Sikukataa mwanangu, nimesema ya Ujerumani. Kwenu inakwenda hivyo kwa sababu nchi yetu haimo kwenye ule mkataba wa Hague wa 1961 unaoruhusu cheti kimoja cha uthibitisho kutosha, kwa hiyo karatasi inapita wizarani kwetu halafu kwa ubalozi wa nchi unayokwenda. Lakini nawe watajie lililofuata. Mihuri ilikupa kazi?

Mtanga_Muscat

Haa, umenikamata. Hapana. Baada ya mihuri kulikuwa na DataFlow, hao ndio wanaohakiki vyeti vya watu wa afya kwa nchi nyingi za huku. Wao hawana habari na muhuri wako, wanaandika wenyewe moja kwa moja chuoni na kwenye baraza lako kuuliza: huyu mnamjua? Faili langu lililala kwa sababu imeili niliyowapa ya chuo ilikuwa haifunguliwi na mtu. Mkijaza fomu, pigeni simu kwanza chuoni muulize ni imeili ipi inasomwa, na nani anajibu. Na kisha juu yake mtihani wa Prometric, wa kupimwa taaluma yako. Kwa hiyo ni kweli, milango mitatu.

Nipo_Leipzig

Dada Nesi, mimi wa Chumbageni, niko huku kwenye nyumba ya wazee, nilipita njia hiyohiyo. Bi amesema sawa, niongeze mawili.

Hilo la kujifunza Kijerumani hukohuko ni uongo. Tangu Machi 2024 kuna njia mpya, mwajiri anakuchukua na mnakamilisha kutambuliwa ukiwa tayari uko kazini huku. Ila hata hiyo inadai Kijerumani cha angalau A2 (ngazi ya pili kutoka chini) kabla ya viza, na mafunzo yako yawe ya miaka miwili au zaidi yanayotambuliwa na serikali ya kwenu. A2 hufiki kwa video za simu. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani ya lugha na utamaduni, wapo Dar, wanafundisha na kutahini.

La pili ni huyo wakala. Sheria ya Ujerumani hairuhusu wakala binafsi kukusanya wauguzi kutoka nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, zile za orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani), na Tanzania imo. Kazi hiyo inaruhusiwa kufanywa na idara ya kazi ya serikali yao peke yake. Wewe kuomba mwenyewe hukatazwi kabisa. Sasa muulize hizo nafasi amepewa na nani, umtazame macho.

Ushauri upo bure. Bonn kuna ofisi inaitwa ZSBA, inamhudumia mtu ambaye bado yuko nje ya Ujerumani: unawaandikia kwa Kiingereza, wanakuambia uombe jimbo gani, karatasi zipi, nakala zithibitishwe vipi. Mengi ya majimbo hutaka tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, kwa hiyo subiri orodha ya jimbo lako ndipo utoe hela.

Mwalimu_Muheza

Mnaongelea kwenda tu, na kurudi je? Shahada yangu ya ualimu ni ya Uganda. Nilidhani Afrika Mashariki ni moja, tangu 2017 marais walishatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo ni tangazo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira bado yanataka cheti cha nje kihakikiwe: cha chuo kikuu na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), cha sekondari na NECTA. Wenye watoto wanaosoma Mombasa, mnaovuka mpaka wa Horohoro kila likizo, msingoje mpaka tangazo la kazi litoke ndipo mhangaike.

Nesi_Mikanjuni

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nilimpigia wakala nikamuuliza swali la Kaka wa Leipzig. Kwanza alisema ni siri ya kampuni, halafu akashusha bei mpaka laki tisa. Mama amesikia, kiwanja hakiuzwi.

Bi, nina swali moja: chuo kikisema mtaala wa miaka yetu ulishabadilishwa, wanao mpya tu?

Bi_Stesheneri

Kashusha nusu nzima? Basi bei aliipata wapi!

Usikubali kupewa mtaala mpya, saa zake hazitalingana na transkripti yako na afisa wa kule ataona. Omba ule uliousomea, wenye mwaka wake. Chuo kikiukosa, waulize NACTVET, maana mitaala ya vyuo hivyo hupita kwao. Na lile daftari lako la mazoezi ya wodini, lenye saini za wakufunzi, unalo bado? Kama unalo, usilitupe. Halitoshi peke yake, ila litakusaidia kujaza jedwali bila kubahatisha.

Njoo nalo tulichape jedwali. Ijumaa nafunga saa sita mpaka saa nane, siku nyingine nipo.