Naomba ushauri: kijana wangu kaacha kuchonga tangu nianze kumlipa

Asalaam aleikum ndugu zangu, niko Lamu hapa nina kijana wa miaka 11, huyu toka mdogo anapenda kuchonga vidau, yaani mashua ndogo za mbao, akitoka chuoni (madrasa) tu anakaa barazani na kisu na kipande cha mbao mpaka magharibi, tanga analikata kwa mfuko wa nailoni, hakuna aliyemtuma. Sasa mimi kwa furaha nikamwambia kila kidau nakupa shilingi 50, mwezi wa kwanza alichonga vingi lakini vya haraka haraka hata omo, ile ncha ya mbele, hazikai sawa, pesa zilipokata akaacha kabisaa. Kisu kina kutu saa hii.

Nimekuja kusoma kwamba mwaka 1973 kule Marekani wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi zawadi watoto wa chekechea waliopenda kuchora, baadae wakapunguza kuchora wenyewe, ila waliopewa bila kuahidiwa hamu yao haikupungua. Roho imeniuma sana, ni mimi niliyemharibia.

Wazazi wenzangu, aliyepitia haya alifanyaje hamu ikarudi? Nikae nichonge naye au nimuache kwanza?