Mimba ya tano na mwili si ule niliouzoea, mliopitia naombeni mnisaidie

Mama Ashu wa Kibirizi:

Habari zenu wapendwa. Niko Kigoma, nina miaka 38 na mimba ya miezi nane sasa, ni uzao wa tano na mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la tatu, yani nilishajua nimemaliza, nguo za kichanga nimegawa zote kwa mawifi, ndo Mungu akaleta na tumepokea kwa furaha. Shida yangu ni mwili. Hao wanne wa kwanza nilikuwa naanika dagaa mwaloni mpaka wiki ya kujifungua, nainama nainuka na kazi inaenda, ila hii sio kabisa. Tumbo lilitoka mapema mno, mwezi wa nne tu watu wakaanza kuniuliza kama ni mapacha, na sasa hivi nikikaa limelalia mapaja. Kiuno kinauma, nikitaka kugeuka kitandani mpaka nishike ukuta. Mfupa wa kinena nao, nikivaa nguo nimesimama kwa mguu mmoja nasikia kama unaachana. Nikikohoa au kupiga chafya mkojo unatoka, hili nalisema hapa tu maana hata mume wangu sijamwambia. Miguu asubuhi iko vizuri ila ikifika saa tisa ndala haziingii, na nyuma ya goti la kushoto kuna mishipa imejisokota rangi ya bluu inawaka moto nikisimama sana. Kutoka mwaloni kupanda barabarani lazima nisimame njiani nivute pumzi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kila ninayemwambia jibu ni moja tu, "wewe mzoefu bana". Mama mkwe hivyo, majirani hivyo, na hata kliniki niliyoenda, nimeanza kueleza dada aliyekuwa ananipima akacheka akasema mama wewe ndo wa kutufundisha sisi, akajaza kadi akaita mwingine. Uzoefu upi jamani wakati haya mambo sijawahi kuyaona?? Naomba kujua yapi ni ya kawaida kwa mimba za mbele mbele huku na yapi sio, na aliyezaa akiwa na umri wangu aniambie uchungu ulikuwaje.

Bint Ujiji:

Pole dada na hongera pia. Mimi wa nne nilimpata na miaka 36 na nilipitia karibu yote hayo, hasa hiyo ya kinena, usiku nilikuwa nalia kimya kimya. Kilichonisaidia ni kanga. Unaikunja iwe kama mkanda mpana unaipitisha CHINI ya tumbo sio juu yake, unalinyanyua kidogo kwa mkono halafu fundo unaliweka ubavuni ili lisikuchome ukikaa, isibane sana lakini. Utaona mgongo unapumua. Nguo vaa umekaa kitandani, usisimamie mguu mmoja tena. Kugeuka, bana magoti yote mawili pamoja ndo ugeuke mwili mzima, na mto uweke katikati ya magoti ukilala ubavu. Kuna kiungulia hujakitaja, mimi kilikuwa kinanipanda mpaka kooni, nikaja kugundua ni ule ugali wa muhogo na migebuka ya mawese naula saa tatu usiku halafu naenda kulala hapo hapo. Nikahamishia mlo mkubwa mchana, usiku uji mwepesi au ndizi, na mto wa kichwa nikaupandisha, kikapungua sana japo hakikuisha.

Uchungu sasa, hapa nisikilize vizuri. Mtoto wa kwanza ulinichukua usiku na mchana wake. Huyu wa nne nimeanza kusikia wakati wa adhana ya alfajiri, jua halijapanda vizuri tayari nina mtoto mkononi. Bajaji nilipata kwa bahati tu. Usije ukakaa unasubiri ukaze kama wa kwanza, ukiusikia umeshika mpangilio toka nyumbani.

Bibi Heru:

Wanangu mimi nimezaa saba huku Kasulu na wote wazima. Huyo punguza kula tu mtoto asiwe mkubwa, na mwezi wa mwisho kuna mizizi ya kuchemsha inalainisha njia, uchungu ukianza unakunywa kikombe unamaliza mapema. Hospitali mnakimbilia sana siku hizi.

Mkunga mstaafu Tabora:

Bibi Heru shikamoo, nashukuru Mungu wote saba wazima, ila kwa heshima zote hapo kwenye mizizi naomba nikupinge. Dawa za kuharakisha uchungu zinafanya kizazi kikaze kwa nguvu bila kupumzika, na kizazi kilichoshazaa mara nyingi kinaweza kupasuka, mama na mtoto wote wakaondoka. Na mjamzito hapunguzi chakula, anapunguza sukari na mafuta kama ameambiwa ana kisukari cha mimba, basi.

Mama Ashu, mwanangu, nimefanya ukunga miaka mingi na hilo neno mzoefu limenisumbua kazini kuliko neno lolote. Mama wa mimba ya kwanza kila mtu anamuuliza unajisikiaje, wa tano anaambiwa kaa pale subiri, wakati huyo wa tano ana mambo yake ya kuangaliwa ambayo wa kwanza hana.

Nianze na unayoyaona. Misuli ya tumbo imevutwa mara nne tayari, hairudi kukaza kama mwanzo, ndo maana tumbo limetoka mapema na linaenda mbele, na likienda mbele kiuno ndo kinabeba. Kinena ni kwa sababu homoni za mimba zinalegeza viungo vya nyonga. Mkojo ni misuli ya chini iliyochoka na wala sio aibu, wanawake wengi sana wanalo hili ila hatuambiani. Kaza kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, fanya asubuhi mchana na usiku hata ukiwa umekaa unachambua dagaa hakuna atakayejua, na uendelee hata ukishajifungua. Mishipa ya mguu inua miguu juu ya mto ukipumzika na usisimame sehemu moja muda mrefu. Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kuwa wa moto, hiyo sio mishipa ya kawaida, inaweza kuwa damu imeganda, nenda siku hiyo hiyo.

Miguu kuvimba jioni ni kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kisichoachia, macho kuona vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na ukishapita miaka 35 presha na sukari ya mimba zinakuwa karibu zaidi. Damu kutoka ukeni, maji kuvuja au mtoto kupunguza kucheza, usilale nalo hilo. Na usishtuke ukiambiwa kichwa hakijashuka bado, kwa mliozaa mara nyingi mara nyingine kinashuka uchungu ukishaanza.

Kubwa kuliko yote ni baada ya mtoto kutoka. Kizazi kinatakiwa kijikaze kama ngumi ili mishipa ya damu ijifunge pale kondo lilipokuwa. Kizazi kilichotanuka mara nyingi kinaweza kulegea badala ya kukaza, na damu inamwagika haraka sana, mama anaweza kuondoka ndani ya saa mbili. Hapo ndipo ile sindano ya pajani mtoto akishatoka inapookoa, na nyumbani haipo. Kwa hiyo kazalie kituo chenye damu na upasuaji, waulize mapema, tafuta na ndugu wawili watatu wazima wawe tayari kuchangia damu. Na chango baada ya kujifungua litauma kuliko zamani hasa ukinyonyesha, hilo ni kizazi kinakaza, omba dawa ya maumivu usivumilie.

Kliniki rudi. Mwambie hivi: "nesi, huu ni uzao wangu wa tano, nina miaka 38, napumua kwa shida nikipanda, naomba nipimwe damu, presha na mkojo." Usimalize na "ila labda ni kawaida tu".

Abuu Mwambao:

Mimi ni mwanaume samahani nachangia kidogo. Sisi tuko vijiji vya ziwani kusini huko, usafiri wetu ni boti, usiku ziwa likichafuka hakuna wa kukutoa hata uwe na hela. Mimba ya nne ya mke wangu nilimpeleka mjini mapema akakaa kwa shangazi yake Mwanga wiki za mwisho zote, watu kijijini wakasema nimemdekeza, huyo si ameshazaa. Akajifungua kwa dakika chache tu tangu afike wodini na akatokwa damu nyingi wakamuwekea chupa. Yangetukuta kwenye maji sijui ingekuwaje. Dada wewe uko Kibirizi, hospitali ya Maweni sio mbali, ila ongea na bajaji mmoja wa uhakika kabisa mweke namba yake, na shemeji mwambie yote mpaka hilo la mkojo, sisi tusipoambiwa tunaona mambo yako sawa tu.

Mama Ashu wa Kibirizi:

Ahsanteni jamani nimesoma nimetokwa machozi. Nimerudi kliniki, nikasema maneno yale yale kama mama mkunga alivyonielekeza, na leo nimekuta nesi mwingine akanisikiliza mpaka mwisho. Presha nzuri, mkojo hauna protini, mtoto amelala vizuri. Ila damu ni 9.8, kaniambia ndo maana pumzi inakatika, inatakiwa isishuke chini ya 11. Nimeongezewa vidonge vya damu na ameandika kwenye kadi nikajifungulie hospitali kubwa. Kanga imesaidia Bint Ujiji, jana nimegeuka kitandani bila kushika ukuta. Na mume nimemwambia, kamtafuta kijana wa kwenda mwaloni kuanika siku zote hizi za giza dagaa wanapovuliwa, mpaka mbalamwezi. Swali moja mama, hivi vidonge vinanifunga choo na kinatoka cheusi, niache?

Mkunga mstaafu Tabora:

Usiache hata kimoja! Choo cheusi ni yale madini ya chuma, hakina shida. Meza kwa maji uliyokamulia ndimu au chungwa, chai na kahawa kaa nazo mbali saa moja kabla na mbili baada maana zinazuia chuma kisiingie mwilini. Kufunga choo kunywa maji ya kutosha, ongeza papai na matembele, na dagaa usikose kwenye sahani. Na kama hujapewa dawa za kuzuia malaria mwezi huu uliza, Kigoma malaria ni nyingi na inakula damu hiyo hiyo tunayoitafuta. Chandarua kila siku. Rudi upimwe tena kabla hujafikisha tarehe, uniandikie hapa imefika ngapi.