Jumamosi Hell's Gate (kikundi cha ukoo)

ALHAMISI

19:04 Anti Nduku: Jamani, keshokutwa ndiyo hiyo, tunaenda kupanda miamba Hell's Gate. Saa kumi na moja asubuhi, Donholm, pale petroli stesheni. Nani anakuja na gari? Nataka majina, sio vidole gumba.

19:05 Mwende: 👍

19:05 Anti Nduku: Mwende!

19:06 Mwende: Pole Anti. Nipo. Gari sina.

19:21 Mutua: Probox ipo. Nabeba wanne, kamba zote kwa buti.

19:22 Anti Nduku: Wewe nakukubali, buti lako sikubali. Zile betri za sola umetoa?

19:24 Mutua: Ziko pembeni, nimefunika na gunia.

19:27 Anti Nduku: Gunia halizuii asidi. Asidi ya betri ikigusa kamba ya nailoni inaila ndani kwa ndani, nawe kwa macho unaona kamba nzima. Inakatika mtu akiwa juu. Kamba zikae kwa mfuko wake, miguuni mwa abiria. Na vyuma vya kupandia vifungwe. Ukikanyaga breki ghafla, huo mfuko unakuja kisogoni mwa mtu.

19:28 Kyalo: Probox haikanyagi breki Anti, inapaa 😂

19:28 Mwende: 😂😂

19:30 Anti Nduku: Sijamaliza. Kurudi nani ataendesha? Mtu ameshinda ukutani tangu asubuhi, jua limempiga, vidole havikunji, halafu jioni ndiye anashika usukani? Kila gari liwe na mtu mmoja ambaye hapandi kabisa.

20:15 Kyalo: Mi napanda. Sitoki Kayole kwenda kushika funguo.

20:16 Mama Kyalo: Kyalo, heshima.

20:18 Mutua: Hata mimi napanda. Kiingilio nishalipa eCitizen.

20:19 Kyalo: Si tuchukue matatu hadi Naivasha, halafu nduthi hadi geti ya Elsa, ya kuingia mbugani?

20:20 Anti Nduku: Watatu kwa nduthi moja, na mizigo? Na usiniambie mna kofia. Kofia ya kupandia si ya pikipiki.

20:33 Mwende: Mi naenda na yeyote ila Mutua. Asituache tena kama Mlolongo, siku ile ya kupanda Lukenya.

20:34 Mutua: Hayo yaliisha.

20:36 Mwende: Yaliisha kwako. Sisi tulisimama stegi saa tatu usiku na kamba mabegani, simu imezima, kila gari likipunguza mwendo moyo unaruka. Wewe ulikuwa kwako unakula.

20:37 Mutua: Gari lilikuwa limejaa! Na aliyesema "watapata matatu" sio mimi. Yumo humu.

20:39 Baba Mwende: *Ujumbe huu umefutwa*

20:41 Mama Kyalo: Mambo ya Lukenya tuliyamaliza nyumbani. Chapati nipike ngapi?

20:41 Kyalo: Thelathini!!

20:42 Mwende: Na ndengu

IJUMAA

05:48 Babu: Nduku, nimesoma yote. Nimepeleka lori Nakuru kabla hawa watoto hawajazaliwa. Mteremko wa Mai Mahiu naujua kona kwa kona. Pale karibu na kanisa dogo la Waitaliano nimeona madereva wazuri wakiishiwa na breki, kwa sababu waliteremka kwa breki badala ya gia. Tieni gia nzito kabla mteremko haujaanza, na lori likiwa mbele mliachie nafasi. Saa kumi jioni kila mtu awe garini, hata aliye katikati ya ukuta ateremshwe. Mkirudi na barabara ya juu mkachelewa, pale Kimende ukungu unashuka huoni boneti yako. Na mkimaliza kupanda msiingie korongoni kama kuna mvua huko juu, hata mlipo pawe pakavu. Maji yalisomba watu mle 2012, yakasomba tena 2019. Aliyechoka asibebe wajukuu wangu. Na watoto hawaachwi stegini.

07:32 Mama Kyalo: Asante Babu.

07:33 Kyalo: Sawa Babu.

07:50 Mwende: Asante sana Babu 🙏

08:02 Mutua: Sawa Babu. Betri nimetoa, buti nimeosha.

08:05 Anti Nduku: Spea je?

08:11 Mutua: Iko. Imeanza kuonyesha nyuzi kidogo.

08:11 Anti Nduku: Hiyo si spea. Badilisha leo. Na dereva?

12:47 Baba Mwende: Naweza kuendesha mimi, nikipata ruhusa kazini. Nitaangalia.

12:48 Anti Nduku: Nitaangalia ni ndiyo ama ni hapana? Nijue kabla ya saa mbili usiku.

20:26 Anti Nduku: Baba Mwende?

20:40 Mutua: Tairi nimepata, ya mtumba lakini meno yapo. Nikikosa kupanda mimi nani atanirudishia kiingilio?

20:44 Kyalo: Anti, tunaenda ama hatuendi?

20:52 Anti Nduku: Njooni saa kumi na moja. Asipopatikana wa kuendesha, tunakula chapati hapo hapo na kila mtu anarudi kwake.